Kuta Mbili kwa Mbofyo Mmoja

Anayesimulia habari hii anazijua kompyuta za kuchorea majumba kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga ofisi ile. Amezifuta vumbi miaka tisa, mbele na nyuma, na hakuna hata moja iliyowahi kumlalamikia. Kuziwasha ndiko hakujui. Lakini mtu mwenye kitambaa mkononi huhesabiwa kama sehemu ya meza, na mbele ya meza watu husema yote. Kwa hiyo yaliyompata Rula yametunzwa vizuri, pengine kuliko Rula mwenyewe angependa.

Rula si jina alilopewa na wazazi. Walimbandika wenzake wa ofisini, kwa kuwa ni mwembamba, amenyooka, na hapindishwi kirahisi. Kazi yake ni kuchora ramani za majengo katika ofisi ya mjomba wake mhandisi, ofisi ya vyumba viwili, kompyuta tatu, printa moja kubwa kama kitanda cha mtoto, na birika la chai ambalo mfuniko wake ulipotea na hakuna aliyekiri.

Asubuhi hiyo alikuwa mezani nyumbani na baba yake, wanakunywa chai kwa mkate. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki, wakabaki wawili hao, na kila asubuhi ilikuwa lazima wagombane kidogo ndipo siku ianze. Baba naye alikuwa mchoraji enzi za kalamu ya wino na karatasi ya kuonyesha nuru. Sasa mikono inatetemeka, chai inamwagikia sahanini, lakini ulimi haujatetemeka hata siku moja. Alipenda kusema kwamba yeye ukuta wa zege aliujaza vidoto kwa mkono, kimoja kimoja, elfu mbili kwa ukuta, na kwamba akikosea alikuwa anakosea kidoto kimoja.

Rula akamwambia, kwa majivuno ya mtu aliyeshiba, kwamba jana mjomba alipiga simu saa kumi jioni akitaka ukuta mmoja ubadilishwe kwenye mchoro wa zahanati, naye akaubadilisha kwa dakika moja na nusu.

Hapa inafaa kueleza, maana si kila mtu amefuta vumbi mahali pale. Ukuta kwenye mchoro ni mistari miwili tu, na katikati yake hujazwa michirizi. Michirizi hiyo wenyewe wanaiita hachi, na ndiyo inayomwambia fundi afanye nini. Katika ofisi ya mjomba, ukuta uliojazwa mistari ya mshazari unabaki. Uliojazwa mistari iliyokatizana kama wavu unavunjwa. Wenye vidoto ni mpya, utajengwa. Fundi hasomi maneno, anasoma michirizi. Ukimpa wavu, anainua nyundo.

Baba akaliacha tonge la mkate hewani. "Na huo ukuta," akauliza, "uliujaza peke yake?"

"Kivipi, baba?"

"Si uliniambia mwenyewe, mwanangu. Mashine yenu ukiibofyea kuta mbili kwa mpigo mmoja, inazihesabu kitu kimoja. Ukimvisha mmoja shati, na mwenziwe anavaa."

Rula akacheka. Kisha kicheko kikaishia njiani. 

Alikumbuka siku ile, mwezi uliopita, alipojaza kuta za mchoro ule. Zilikuwa kumi na moja. Nyingi alizijaza moja moja. Lakini karibu na mwisho, alipokuwa amechoka na shingo inamuuma, alibofya mbili kwa pamoja. Kuna kijisanduku cha kuweka alama ili kila ukuta usimame kivyake. Hakukiweka. Sasa ya kwanza ilikuwa ipi, na ya pili ilikuwa ipi? Hilo ndilo halikuja.

"Si ulizipaka penseli lakini," baba akasema, akarudi kwenye chai yake.

Rula alikwisha inuka mezani. Alikuwa anatafuta kiatu.

Maana sheria ya ofisi ile ni moja, na mjomba ameiandika kwa mkono wake juu ya printa: HAITOKI KARATASI ISIYOPAKWA. Mchoro ukibadilishwa, hata mstari mmoja, unachapa nakala ya majaribio, unakaa chini, unaifuata ukuta kwa ukuta, na kila uliouthibitisha unaupaka penseli nyekundu. Ukimaliza zote, unaandika "Nimekagua", tarehe na saini, ndipo nakala ya fundi inatoka. Miaka mitano saini hiyo ilikuwa ya mjomba peke yake. Mwezi huu ndio kwanza alimwachia Rula, akamwambia maneno machache: kwamba kuanzia leo fundi akivunja, amevunja kwa mkono wako.

Na jana? Jana fundi alikuwa amesimama mlangoni anasubiri. Rula alikisogelea kile kipande cha mchoro mpaka kikajaza kioo chote, akaubofya ukuta mwembamba uliotenga mapokezi na stoo, akaubadilisha kutoka mshazari kuwa wavu. Hakurudi nyuma kutazama karatasi nzima. Akachungulia mkebe wa kalamu: penseli nyeusi tatu, ya buluu moja, kalamu iliyokufa, na kifungo cha shati. Nyekundu hakuna. Mwingine angeuliza penseli iko wapi. Rula akaandika "Nimekagua", akatia saini, akampa fundi karatasi. Mjomba alipopiga tena kuuliza kama amepaka, akajibu amepaka. Neno moja tu, jepesi kama pamba.

Saa mbili kasoro robo alikuwa ofisini. Sakafu ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki, naye akapita katikati yake na viatu vyake bila hata shikamoo, jambo ambalo halijasahaulika mpaka leo. Akawasha kompyuta. Kompyuta, kama mtu mzima anayejua kwamba una haraka, ikaanza kujinyoosha. Ikaonyesha kiduara kinachozunguka. Rula akakitazama kiduara. Kikazunguka. Akajiambia kwamba ule wa pili bila shaka ni ukuta wa choo, ukuta mfupi, hata ukivunjwa utajengwa upya kwa siku moja na watu watacheka. Akauomba uwe wa choo. Hajawahi mtu kuombea choo kwa moyo namna ile.

Mchoro ukafunguka, karatasi nzima. Akaubofya ukuta wa stoo.

Ukawaka buluu. Na upande wa kulia kabisa, mwisho wa karatasi, mahali ambapo jana hakupatazama, ukawaka na mwingine.

Ulikuwa ukuta mnene. Ule uliobeba sakafu ya juu.

Jengo lile lina ghorofa moja. Chini ndiko panapogeuzwa zahanati. Juu yuko mama mshonaji na cherehani sita, aliyeambiwa ahame kwa wiki mbili akasema ana sare za watoto za kumaliza, na kwamba vumbi halijawahi kumuua mshonaji. Cherehani yake mwenyewe, ile anayokalia asubuhi mpaka jioni, iko dirishani upande wa kulia. Rula alikuwa amepanda huko mwenyewe kupima. Alipanga kichwani karatasi ya juu kwenye karatasi ya chini, kama wanavyofanya, na kiti cha mama mshonaji kikatua juu ya ukuta mnene bila kupungua hata sentimita.

Na kazi ya kuvunja ilikuwa inaanza saa mbili kamili.

Akampigia fundi. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Mikono ikawa inatafuta la kufanya, ikarekebisha mchoro: akazitenganisha kuta mbili, akaurudishia ule mnene mshazari wake. Kosa lililojificha mwezi mzima likaondoka kwa sekunde kumi, nalo hilo likamuudhi. Akachapa nakala moja. Printa ikakohoa, ikaenda kushoto, ikaenda kulia, polepole. Akapiga simu mara ya tatu huku ameishika pembe ya karatasi kana kwamba akiivuta itatoka upesi.

Nyumba ya mjomba iko mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka kwenye jengo lile la zahanati. Mjomba angefika kabla Rula hajapata hata usafiri. Alilijua hilo. Jina la mjomba lilikuwa pale kwenye simu na kidole gumba kilikuwa juu yake. Lakini kumpigia mjomba ni kumwambia, na kumwambia ni kusema kwamba hakupaka, na kusema kwamba hakupaka ni kusema kwamba alisema amepaka. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mjomba mhandisi. Simu ikaingia mkobani. Rula akakunja karatasi, akatoka mbio, na deki ikapata alama za pili.

Alipanda pikipiki. Njia nzima alikuwa anamhesabu fundi. Yule fundi jina lake la kazini ni Taratibu. Hajawahi kukimbia, hajawahi kuwahi, akiambiwa achimbe leo huchimba kesho kutwa baada ya kulizungukia eneo mara tatu. Mwezi mzima Rula alikuwa amemteta kwa uzembe wake. Sasa akawa anamwomba Mungu amzidishie. Kisha akakumbuka kwamba wiki hii fundi amekodi mashine ya kupasulia, na vijana wanne wenye mabega, na kwamba yeye mwenyewe, Rula, ndiye aliyemwambia jana pale mlangoni: safari hii uchangamke, mzee.

Dereva alisimama kwenye taa nyekundu. Rula akamwambia ana mgonjwa. Dereva akamwambia pole, akabaki amesimama.

Alipokaribia jengo akatega sikio kutafuta sauti ya mashine, akiombea asiisikie. Hakuisikia. Akashukuru, hatua mbili tatu. Kisha ule ukimya wenyewe ukamgeukia. Mashine haipigi kwa sababu haijaanza, au kwa sababu imemaliza?  Akainua macho kwenye dirisha la juu. Dirisha lilikuwepo. Akasimama, akaacha kupumua ili asikie vizuri, na kutoka huko juu, taratibu kabisa, ikaja sauti ya cherehani: trrr, ikanyamaza, trrr.

Ndani, vumbi lilikuwa limejaa kama unga. Ukuta wa stoo ulikuwa umekwisha lala chini, na vijana wanne wameukalia wanapumzika. Ukuta mnene ulikuwa umesimama. Ulikuwa na msalaba mkubwa wa chaki, na katikati ya msalaba plasta imebanduliwa, pakubwa kama sinia. Mbele yake Fundi Taratibu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashine imelala miguuni, anautazama ukuta kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kusema ametoka wapi.

Rula aliegemea mlango. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Karibu, dada," fundi akasema bila kugeuka. "Huu nimeugonga, umeniitikia kama mtu mzima. Karatasi inasema vunja. Ukuta unasema thubutu. Nikaona ningoje mwenye karatasi."

Simu yake, akaeleza, iko juu kwa mama mshonaji inachajiwa. Naye hakukaa bure: alikwenda huko juu kwa miguu yake, akaazima simu ya mama, akampigia mhandisi. Mhandisi amesema anavaa viatu.

Moyo wa Rula, uliokuwa umeshuka mahali pake, ukapanda tena. Angeweza kusema hapo hapo. Mahali palikuwa pazuri pa kusema: mzee mmoja, ukuta umesimama, hakuna aliyeumia. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka hakikuwa hicho.

"Ni printa," akasema. "Imechanganya michirizi. Nakala niliyokagua jana iko sawa kabisa, ninayo hapa."

Fundi Taratibu sasa akageuka. Akamtazama kwa upole uliozidi kipimo. "Printa," akasema. "Kuta kumi na moja, ikachagua huu mmoja."

"Mashine, mzee. Ndivyo zilivyo."

"Na hiyo nakala uliikagua saa ngapi? Maana jana nilisimama pale mlangoni, na chai mliyonipa sikuwahi hata kuipuliza."

Rula akasema aliikagua upesi. Fundi akasema hewala, yeye ni mtu wa udongo, mambo ya umeme hayajui. Akainuka, akasema anakwenda kunawa uso mhandisi asimkute kama aliyekaangwa, akatoka. Vijana wanne walikuwa wanagombania chupa ya maji.

Rula akabaki na karatasi. Ilikuwa safi, nyeupe, ya leo, haina hata alama moja nyekundu. Nakala iliyokaguliwa ni nyekundu, kila mtu anajua, mjomba anajua kuliko wote. Akaifungua juu ya mifuko ya saruji. Akapekua mkoba: funguo, kitana, kalamu ya buluu. Penseli ya seremala aliyoiokota dirishani ilikuwa nyeusi. Akapekua tena, na vidole vikagusa kitu kidogo cha mviringo, baridi, alichokitumia asubuhi mbele ya kioo kabla maisha hayajaharibika.

Rangi ya mdomo.

Akatazama mlango. Akaanza. Ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilikuwa laini mno, ikawa inavuka mistari, akawa anaikwangua kwa ukucha. Jasho likamdondokea kwenye chumba cha sindano. Alisikia hatua za viatu nje, akaongeza kasi. Wa nane, wa tisa, ukuta mnene akaupaka kwa heshima zote. Akaandika "Nimekagua", akatia saini, akaweka tarehe ya jana. Rangi ikarudi mkobani, na mjomba akaingia.

Mjomba ni mtu mfupi asiyepaza sauti. Hajapata kumfokea mtu, na ndiyo sababu watu humwogopa. Hakusalimia karatasi kwanza, alikwenda kwenye ukuta, akaweka kiganja pale palipobanduliwa, akakaa hivyo kidogo. Kutoka juu cherehani ikasema trrr. Akatoa pumzi. Fundi Taratibu alikuwa amerudi, uso unang'aa, akasimama pembeni na mikono nyuma kama mtu aliyelipia kiti.

Mjomba akauliza imekuwaje. Rula akasema printa. Akaeleza vizuri, kwa utaratibu, mwanzo mpaka mwisho, na kila alivyoeleza ndivyo ilivyomwia rahisi, mpaka yeye mwenyewe akaanza kuikasirikia ile printa.

"Na hii ndiyo ya jana," mjomba akasema, ameshika karatasi.

"Ndiyo ya jana, mjomba."

"Ukaipaka kabla ya kumpa fundi."

"Kabla."

Mjomba akaigeuzia karatasi dirishani. Akaifuata ukuta kwa ukuta, kwa kidole gumba, kama alivyomfundisha Rula miaka mitano iliyopita. Gumba likapita mapokezi, likapita chumba cha sindano. Nyuma yake ukabaki mkia mwekundu. Akalitazama gumba lake. Akalinusa.

"Umesahau mmoja," akasema. "Wa choo."

Kweli. Ukuta wa choo, ule alioombea asubuhi, ulikuwa mweupe peke yake.

"Si neno, mpwa wangu. Nipe hiyo penseli niumalizie."

Rula akasema ameiacha ofisini.

"Wapi?"

"Mkebeni, mjomba. Na zile nyingine."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayekubali. Kisha akatia vidole kwenye mfuko wa shati, vile viwili visivyo na rangi, akatoa penseli nyekundu. Ilikuwa mpya, karatasi ya dukani bado imeivaa kiunoni, na ncha zote mbili bapa. Haijachongwa.

"Ile ya zamani iliisha," akasema. "Hii nimeinunua jana mchana, na mpaka sasa natembea nayo natafuta kichongeo."

Fundi Taratibu akakohoa. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua, akamnyooshea Rula kwa mpini, na macho yake, kwa adabu kubwa, akayaweka kwenye midomo ya dada yule, iliyokuwa na rangi ileile ya kuta kumi.